Breka ya msongo mkubwa inapogoma: majibu kwa wasomaji

Maswali ya safari hii yote ni ya breka za vituo vya kupozea umeme, yaani swichi kubwa zinazokata umeme hitilafu inapotokea.

Breka yetu ya kilovolti 132 ilishindwa kukata siku ya hitilafu, na tangu iwekwe kituoni haijafanya kazi ya maana. Imechakaaje?

Imechakaa kwa kukaa. Breka ya namna hiyo hushinda imeunga kwa miezi, kisha siku moja inatakiwa ikate ndani ya milisekunde 40 hadi 60. Grisi isiyosukwasukwa hukauka kwenye beringi na kwenye kifyatuo cha springi. Koili, yaani sumaku ya umeme ya kukatia, inavuta, kifyatuo hakiachii. Tafiti za CIGRE, shirika la kimataifa la wataalamu wa mifumo ya umeme, zimeonyesha kuwa mitambo ya kuendeshea breka ndiyo inayoongoza kwa kuharibika, si chumba cha kuzimia moto wa umeme. Basi anzeni na kabati la mitambo.

Na nawasihi jambo moja: pimeni muda wa kukata katika mkato wa kwanza kabisa, kabla breka haijaguswa. Mkiiwasha na kuizima mara kadhaa ndipo mpime, grisi imeshalegea na ugonjwa umejificha. Nimeona ripoti nyingi safi zilizopatikana kwa njia hiyo, na zinaniuma.

Rilei (kifaa kinachogundua hitilafu) ilitoa amri, koili nzima, springi imejaa. Bado haikukata!

Nendeni chumba cha betri. Amri ya kukata husafiri kwa umeme wa betri, mara nyingi volti 110. Chaja ikiwa hai, mita husoma vizuri hata kama seli zimekufa. Hitilafu kubwa inapotokea, umeme wa kituo chenyewe huporomoka, chaja hulegea, na betri inabaki peke yake. Ipimeni ikiwa imebeba mzigo. Kwenye laini muhimu wekeni koili mbili za kukatia, kila moja na njia yake ya umeme wa betri.

Gesi ya SF6 hupungua, tunaongeza. Kuna ubaya?

Upo. Gesi hiyo ndiyo inayozima moto wa umeme ndani ya breka. Presha ikishuka, kwanza mnapata kengele. Ikizidi kushuka, breka hujifunga isifanye kazi kabisa. Kuongeza gesi bila kutafuta panapovuja ni kuahirisha siku hiyo. Tena kilo moja ya SF6 hupasha dunia joto zaidi ya mara 20,000 kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi. Na sili (mpira wa kuzuia kuvuja) iliyochoka huingiza unyevu, ambao ukikutana na mabaki ya gesi iliyoungua huzaa asidi inayokula vifaa vya ndani.

Kituo kipo karibu na bahari. Tufanye nini?

Osheni vikombe vya kuhami umeme, chumvi isigande. Hita ya kabati isizimwe hata kwenye joto la pwani, maana kazi yake ni kuzuia umande.

Breka moja ikigoma, kwa nini mji mzima unazimika?

Kwa sababu rilei ya ulinzi husubiri kitambo kidogo, na ikiona mkondo bado unapita inaziamuru breka zote zilizounganishwa kwenye basi hiyo (mhimili wa pamoja wa umeme kituoni) zikate. Wananchi hulalamika, lakini bila hivyo hitilafu ingeendelea kulishwa mpaka transfoma iungue. Msiuzime ulinzi huo. Kabla ya kurudisha umeme, itengeni breka iliyogoma.