Kabla ya upasuaji wa retina, uliza wataacha nini ndani ya jicho

Mama yangu ana kisukari cha miaka mingi. Vimishipa dhaifu viliota juu ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kwenye jicho lake la kulia, vikavuja damu, kisha makovu yakaivuta retina ikaanza kubanduka. Alipasuliwa Dar es Salaam, nami ndiye niliyemuuguza.

Upasuaji wa siku hizi hupitia vitundu vitatu kwenye weupe wa jicho, kila kimoja kama nusu milimita, na mara nyingi havishonwi. Daktari wa macho Robert Machemer alipouanzisha kule Miami, Marekani, mwaka 1970, kifaa chake kilikuwa kinene kuliko milimita moja. Lakini udogo wa vitundu huwadanganya ndugu. Wanaona jicho halina nyuzi, wanadhani mgonjwa keshapona, kumbe ndani daktari ameondoa ute unaojaza jicho, amebandua makovu, amepiga leza, kisha ameacha gesi au mafuta ya silikoni yaishikilie retina.

Hapo kwenye gesi nakuomba utulie. Gesi hutanuka mtu anapopanda mahali pa juu, iwe kwa ndege au kwa basi la milimani, na presha ya jicho inaweza kupanda hadi kuua uoni kabisa. Kwetu ni Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ilitubidi tukae kwa shangazi Mbagala mpaka daktari alipopima na kusema gesi imekwisha. Kwa hiyo uliza mapema ni gesi gani: SF6 huisha baada ya wiki 2 au 3 hivi, C3F8 inaweza kufika miezi 2. Nauli na malazi yapange kwa jibu hilo. Mafuta hayazuii safari, ila kwa kawaida kuna kurudi tena kuyatoa.

Mama aliambiwa alale kifudifudi, na shingo ilimtesa kuliko jicho. Tulimwekea mto chini ya kifua, paji la uso juu ya taulo lililoviringwa, chai akanywa kwa mrija. Akawa anasema, "Mwanangu, naona maji yanacheza." Ni ukingo wa gesi, kadiri inavyopungua ndivyo mstari ule unavyoshuka. Mweleze mgonjwa mapema asiogope.

Maumivu makali, wekundu unaozidi au uoni kushuka ghafla, rudini hospitali siku hiyohiyo. Na jicho likififia taratibu miezi kadhaa baadaye, mpeleke akapimwe mtoto wa jicho; baada ya upasuaji huu huja mapema, na hutolewa.