Umbali wa London hadi Paris na muda halisi wa safari

Ndugu yetu ameuliza London na Paris zimeachana kwa kilomita ngapi na ndege hutumia muda gani, kwa kuwa anatarajia kwenda London na kutoka huko amtembelee dada yake Paris. Kwa mstari ulionyooka ni takribani kilomita 344, na ratiba za ndege kati ya viwanja vya Heathrow (London) na Charles de Gaulle (Paris) huonyesha saa moja na robo hivi. Ninaishi London na njia hii naipita mara kwa mara, hivyo naomba nieleze kwa nini takwimu hizo pekee hazitoshi kupangia safari.

Paris iko mbele ya London kwa saa moja, na tiketi huandika saa za kila mji. Ndege inayoondoka Heathrow saa 3:00 asubuhi na kufika saa 5:20 imetumia saa moja na dakika 20 tu. Wakati wa kurudi, safari ileile itaonekana kwenye tiketi kana kwamba ni ya dakika 20. Tena muda huo huhesabiwa tangu ndege inapoacha maegesho hadi inapoegeshwa upande wa pili, kwa hiyo foleni ya kuruka nayo imo. Heathrow inapokuwa na msongamano, ndege zinazotoka upande wa Paris huzungushwa juu ya Biggin Hill, kusini-mashariki mwa London, na aliyekaa dirishani huyaona mashamba yaleyale yakipita chini ya bawa mara ya pili, hata ya tatu.

Hata hivyo, muda mwingi huliwa ardhini. Charles de Gaulle iko kilomita 25 hivi kutoka katikati ya Paris, na Heathrow nayo iko mbali, magharibi mwa London. Ukijumlisha kuwahi uwanjani, ukaguzi, uhamiaji na treni ya RER B ya kuingia mjini, saa tano za mlango kwa mlango ni jambo la kawaida. Treni ya Eurostar hutoka stesheni ya St Pancras, London, hadi ya Gare du Nord, Paris, kwa saa mbili na dakika 20 hivi, ikipita chini ya bahari katika handaki la kilomita 50 lililofunguliwa mwaka 1994, na kwa kuwa polisi wa mpaka wa Ufaransa hukagua pasipoti palepale St Pancras, ukishuka Paris unatoka moja kwa moja mtaani.

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya akumbuke kwamba viza ya Uingereza haimwingizi Ufaransa. Atahitaji ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya ambalo Ufaransa imo, iwe kwa ndege au kwa treni.

Kama utakaa London siku kadhaa, panda treni, na ununue tiketi mapema kwa sababu bei hupanda kadiri siku inavyokaribia. Ndege nampendekezea anayetua Heathrow akitokea mbali na kuunganisha siku hiyohiyo kwa tiketi moja, maana mizigo yake kwa kawaida hupelekwa hadi Paris bila yeye kuiburuta mjini.