Muulize Fundi: Mifuko 15 au 22, nani muongo?

SWALI: Shikamoo fundi. Namwaga jamvi la chumba, mita 6 kwa 4, unene sentimita 10. Mdogo wangu kasomea mambo ya ujenzi, kapiga hesabu kasema mifuko 15 ya simenti ya kilo 50 inatosha. Fundi wangu anataka 22. Hiyo saba inaenda wapi? Naona kabisa naibiwa.

JIBU: Marahaba. Usimfukuze mtu kwanza, tupige hesabu.

6 mara 4 mara 0.10 ni kyubiki mita 2.4 za zege. Jamvi la kawaida wengi wanachanganya 1:2:4, yaani simenti ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne, na kwa mchanganyiko huo kyubiki mita moja inakula simenti kama kilo 320. Hiyo 320 ndo uishike kichwani, usishike idadi ya mifuko, maana kuna mifuko ya kilo 50, kuna ya 25, ukikariri "mifuko sita na nusu" siku ukikutana na mfuko mdogo umeumia. Kwako ni 2.4 mara 320, kilo 768, gawa kwa 50 unapata 15 na kidogo. Kwa hiyo mdogo wako hajakosea, ila hesabu yake ni ya kwenye karatasi, haijaweka zege linalobaki kwenye toroli, linalomwagika njiani, linaloganda kwenye koleo. Weka asilimia 10 juu, unafika 17.

(Na kama unajiuliza mbona mzigo wa mchanga na kokoto ukiujumlisha unazidi zege lenyewe, ni kwamba mchanga unaingia kwenye mianya ya kokoto na simenti inaingia kwenye mianya ya mchanga. Vitu vikavu karibu kyubiki mita 1.54 vinakupa kyubiki mita 1 ya zege. Kwa jamvi lako andaa mchanga kama kyubiki mita 1.1 na kokoto 2.1, kisha ongeza na hapo kidogo.)

Sasa hiyo 22. Mimi hapa simwiti fundi mwizi mpaka niione ardhi. Umesema sentimita 10, lakini umepima wapi? Kama umepima ubao wa pembeni basi umepima ubao tu, katikati chini kunaweza kuwa na mashimo na kifusi ambacho hakijashindiliwa vizuri. Eneo lako ni mita za mraba 24, kila sentimita moja ikizidi chini ni kyubiki mita 0.24, karibu mfuko mmoja na nusu kila sentimita! Unene halisi ukiwa 13 badala ya 10, piga mwenyewe: 24 mara 0.13 mara 320, weka asilimia 10, gawa kwa 50. Inakuja 22 kamili. Inawezekana fundi wako hajapiga hesabu yoyote, ameangalia tu hilo shimo kwa jicho la uzoefu na akawa sawa.

Cha kufanya, funga kamba kutoka ubao hadi ubao iwe level, halafu shusha tepu kutoka kwenye kamba sehemu kumi hivi, pembeni na katikati, jumlisha gawa kwa kumi. Ikija 10 au 11, muulize fundi vizuri hiyo mingine ya nini. Ikija 13, usikimbilie kununua simenti, jaza kifusi na ushindilie tena, kifusi ni rahisi kuliko zege popote duniani.

SWALI: Nasimamisha nguzo 12 za uzio, za sentimita 10 kwa 10, shimo upana 30 na kina 60. Dukani nimeona mifuko ya kilo 25 imeandikwa zege. Ninunue hiyo au simenti?

JIBU: Hivyo ni vitu viwili tofauti na watu wanachanganya sana. Ule wa zege ndani una simenti, mchanga na kokoto tayari, unaongeza maji basi, kwa hiyo kyubiki mita moja inataka mifuko kama 85 mpaka 90 ya kilo 25. Shimo la duara ni 3.14 mara 0.15 mara 0.15 mara 0.6, toa nafasi ya nguzo yenyewe, linabaki kama 0.036. Mara 12, weka na ya kupotea, ni 0.48 hivi. Kwa simenti ya kuchanganya mwenyewe ni mifuko mitatu ya kilo 50 na kidogo, kwa hiyo nunua minne, kwa zege la mfuko ni kama 42, yaani zaidi ya tani moja ya kubeba. Nguzo mbili tatu ningekwambia chukua la tayari ukalale mapema, ila 12 chukua simenti. Halafu angalia mashimo, jembe likitanua shimo kutoka 30 kwenda 35 zege linapanda zaidi ya theluthi.

SWALI: Simenti ikipungua siku ya kumwaga naweza kuongeza maji ili zege liongezeke?

JIBU: Hapana. Mfuko wa kilo 50 unataka maji kama lita 25 tu, na mchanga ukiwa umelowa punguza. Maji ya ziada yakikauka yanaacha vitundu, jamvi linapasuka na linatoa vumbi kila ukifagia.

SWALI: Ninunue mifuko yote leo, nijenge baada ya miezi minne?

JIBU: Nunua karibu na siku ya kazi. Simenti inavuta unyevu hewani hata mfuko ukiwa umefungwa na nguvu inashuka, miezi mitatu tayari ni mingi. Ile uliyonayo iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, funika na turubai. Mabonge yasiyovunjika kwa vidole, usiyatie kwenye zege.