Jibu: Hirizi juu ya mlango, watoto wanaweweseka usiku

Shalom dada. Umesema mmehamia nyumba ya kupanga, mkakuta hirizi juu ya mlango, na sasa watoto wanaweweseka. Kwanza angalia kama wana homa. Zahanati haipingani na maombi. Hirizi mwambie mwenye nyumba, kisha ichomeni nje huku mkiomba.

Kwetu tulipoombea nyumba tulianzia sebuleni, baba watoto ameshika Biblia, tukasoma Zaburi ya 91, tukapita chumba kwa chumba mpaka stoo. Na kama mmenuniana na mumeo, yamalizeni kabla. Ukiwa Mkatoliki, mwite padre abariki nyumba kwa maji ya baraka. Sadaka ni hiari. Anayekutajia bei ya maombi ya "ukombozi", mkimbie. Chumvi ya upako, yaani chumvi iliyoombewa, sijawahi kuitumia, siwezi kukushauri.