Matoleo mawili ya programu moja: jua ni lipi linaloitika

Umesakinisha Python mpya kwenye Linux, ukaandika `python3 --version`, na bado toleo la zamani ndilo linalojibu. Hapo wengi hukimbilia kulifuta. Tafadhali usilifute. Kwenye Ubuntu na Debian, Python iliyokuja na mfumo ni ya mfumo wenyewe: zana zake nyingi zimeandikwa kwa lugha hiyo, na ukiiondoa, `apt` (zana ya kusakinisha na kuondoa programu) huondoa pia kila kifurushi kinachoitegemea. Unaweza kubaki na kompyuta isiyo na eneo-kazi.

Kompyuta haijali toleo lipi ni jipya. Inasoma PATH, yaani orodha ya folda zilizotenganishwa kwa nukta mbili (`:`), kuanzia kushoto, na faili la kwanza lenye jina uliloandika ndilo linaloendeshwa. Kwa hiyo kabla ya kurekebisha chochote, andika:

`type -a python3`

Utaona kitu kama `/usr/local/bin/python3`, kisha `/usr/bin/python3`. La juu ndilo linaloshinda. Ukiona na `/bin/python3` usishtuke. Kwenye mifumo ya sasa `/bin` ni kiungo tu cha kwenda `/usr/bin`, faili ni lilelile. Na kama orodha iko sawa lakini toleo la zamani bado linaitika, bash (programu inayopokea amri unazoandika) imekumbuka njia ya mwanzo. `hash -r` inaisahaulisha.

Kosa linaloumiza zaidi ni kugeuza kiungo cha `/usr/bin/python3` kielekee toleo jipya. Siku ya kwanza kila kitu huonekana shwari, halafu amri kama `add-apt-repository` inagoma: `No module named 'apt_pkg'`. Sababu ni kwamba moduli hiyo imejengwa kwa toleo la Python la mfumo tu, na toleo jingine haliwezi kuipakia. Rudisha kiungo kilivyokuwa, na tatizo litakwisha. Ukijenga Python kutoka msimbo chanzo, tumia `make altinstall` badala ya `make install`: utapata `python3.12` peke yake, na jina `python3` halitaguswa.

Kisha kila mradi upewe mazingira yake, yaani folda yenye Python na vifurushi vya mradi huo pekee. Ndani ya folda ya mradi:

`python3.12 -m venv .venv`
`source .venv/bin/activate`

Kazi kuu ya amri ya pili ni kuweka `.venv/bin` mwanzoni mwa PATH. Vifurushi visakinishe kwa `python -m pip install`, maana `pip` (zana ya kusakinisha vifurushi vya Python) peke yake inaweza kuwa ya Python nyingine kabisa. Folda ya `.venv` usiihamishe wala kuibadilisha jina, kwa kuwa njia kamili zimeandikwa ndani ya mafaili yake. Ifute uijenge upya. Tangu Debian 12, `pip` ya mfumo nje ya mazingira hukataa na kusema `externally-managed-environment`. Katazo hilo linakulinda. Usilipite kwa `--break-system-packages`.

Java ina mtego wake. `sudo update-alternatives --config java` inabadilisha `java` pekee. Rudia kwa `javac` (kikusanyaji cha msimbo wa Java), la sivyo utakusanya msimbo kwa toleo moja na kuuendesha kwa lingine. Maven (zana ya kujenga miradi ya Java) nayo hutazama kwanza JAVA_HOME (mpangilio unaotaja folda ya Java), kwa hiyo `java -version` inaweza kusema 21 huku `mvn -v` ikionyesha 17. Hakikisha vyote viwili vinakubaliana.

Mwisho ni kazi zinazojiendesha zenyewe. `cron` (inayoendesha kazi kwa saa ulizopanga) haisomi `.bashrc` yako (faili la mipangilio ya bash), kwa kawaida PATH yake ni `/usr/bin:/bin` tu. `sudo` (ya kuendesha amri kama msimamizi) nayo mara nyingi huwa na PATH yake. Ndiyo maana skripti inafanya kazi ukiiendesha kwa mkono, ikifika usiku inakwama. Ndani ya crontab (ratiba ya `cron`) andika njia nzima hadi kwenye `.venv/bin/python` ya mradi, kisha njia nzima ya skripti. Huna haja ya `activate` hapo.