Kiwelisi kazini: maswali yenu wiki hii

Nimezaliwa Mombasa, sasa nahudumia wazee katika makao ya halmashauri kusini mwa Welisi. Kiwelisi nitakiweza?

Kwa matamshi una nafuu. Lugha hii husomwa karibu kama ilivyoandikwa. Dd ni dh ya dhahabu, th ni ile ya thelathini. Mitego: f husomwa v, na w mara nyingi ni irabu u. Kigumu ni ll: weka ulimi kama unataka kusema l, kisha puliza hewa pembeni bila sauti.

Anza na maneno ya zamu yako. "Bore da" ni salamu ya asubuhi. "Dych chi eisiau paned?" ni kumuuliza mtu kama atakunywa chai. "Oes poen gyda chi?" ni kuuliza kama ana maumivu, na hilo lishike kwanza: mzee mwenye maradhi ya kusahau huenda Kiingereza kikampotea, akabaki na lugha ya mama.

Msimamizi anataka nisome jioni, kwa muda wangu. Ni haki?

Halmashauri zilianza kubanwa na viwango vya lugha, yaani masharti ya kutumia Kiwelisi, tarehe 30 Machi 2016, chini ya sheria ya 2011. Kwa kawaida viwango hivyo vinamtaka mwajiri atoe nafasi ya masomo ya msingi ndani ya saa za kazi, na ya kuendelea bila malipo. Kila taasisi ina hati yake, omba uione. Ulizia pia mpango wa Cymraeg Gwaith (Kiwelisi cha kazini), wenye kozi ya mtandaoni ya saa 10 kwa wanaoanza.

Tuliwauliza wafanyakazi, "Unajua Kiwelisi?" Wengi wakajibu hapana, na huku tunawasikia wakikizungumza!

Swali lenu ndilo bovu. Ulizeni kusikia, kusema, kusoma na kuandika, kila kimoja peke yake, kwa ngazi, kuanzia ya wanaoanza hadi ya waliobobea: Mynediad, Sylfaen, Canolradd, Uwch, Gloywi. Wengi wamekizungumza nyumbani tu, hawajawahi kuandikia barua rasmi. Wanahofu kwamba wakikubali watatupiwa tafsiri zote za ofisi. Waahidini kwa maandishi kwamba haitakuwa hivyo, na msiwapeleke darasa la wanaoanza. Kinachowafaa ni Gloywi, au mwenzao wa kuwapitishia rasimu.

Mkitangaza nafasi, chagueni moja kati ya nne: ujuzi ni lazima, utapatikana baada ya kuajiriwa, ni wa kupendelewa, au hauhitajiki. Hilo la "kupendelewa" limekuwa kichaka cha kujifichia. Bora la pili, likiandikwa ngazi na tarehe ya kuifikia.

Mbona neno "baba" halitulii?

Tad ni baba. Dy dad, baba yako. Fy nhad, baba yangu. Ei thad, baba wa mwanamke yule. Neno lililotangulia ndilo linaloigeuza herufi ya kwanza. Sisi wenye ulimi na ndimi tulalamike kwa lipi? Ukikosea utaeleweka tu, sema.

Beji ya rangi ya chungwa, ile ya kuonyesha kwamba unazungumza Kiwelisi, ni ya waliobobea pekee?

Hapana, ipo ya wanaojifunza. Ivae. Bila hiyo mteja ataanza kwa Kiingereza, na mazungumzo yakishaanza hivyo hayageuki kwa urahisi.