Mita moja ya bomba, na presha inayozidi hesabu

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi. Nimeunga bomba laini la kioo, kipenyo milimita 10, urefu mita 1, kwenye tangi pana, mdomo wake umeviringwa vizuri. Maji ya nyuzi 20 yanapita kwa kasi ya wastani ya mita 0.15 kwa sekunde. Kwa kanuni ya Hagen na Poiseuille, inayokadiria presha inayopotea kwa msuguano ndani ya bomba, kimo cha maji kutoka tangini hadi mwisho wa bomba kingeshuka karibu milimita 5. Mimi napata 7 na nusu kila nikirudia. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Hujakosea kupima, na nimefurahi kwamba hukuvipindisha vipimo ili vilingane na kitabu. Kanuni hiyo inahusu maji yaliyokwisha kutulia ndani ya bomba. Ya kwako bado yanajipanga.

Pale mdomoni maji yote huingia kwa kasi karibu moja, 0.15 katikati na 0.15 pembeni. Papo hapo yanayogusa ukuta husimama, nayo huyavuta ya jirani, na tabaka hilo lililopungua kasi huzidi kunenepa kadiri unavyosonga mbele. Lakini ujazo unaopita ni uleule kila mahali. Pembeni pakipungua kasi, katikati lazima pakimbie. Matabaka yakikutana katikati ya bomba, kasi ya pale inakuwa imefika 0.30, mara mbili ya wastani, na haibadiliki tena.

Umbali wa kufika huko, kwa mtiririko tulivu (maji yanayopita kwa matabaka bila kuvurugika), ni takriban 0.06 mara namba ya Reynolds (inayolinganisha msukumo wa maji na mnato wake) mara kipenyo. Namba yako ni 1500, kwa hiyo ni vipenyo 90, yaani sentimita 90. Katika mita yako nzima, ni sentimita 10 za mwisho tu zinazofuata kanuni uliyoitumia!

Unaweza kuliona kwa macho. Dunga tone dogo la wino katikati ya bomba, karibu na mdomo, urekodi kwa simu: sentimita 10 zitalichukua karibu nusu sekunde. Dunga jingine karibu na mwisho: thuluthi ya sekunde.

Sasa hesabu ya presha. Msuguano wa kawaida unakula paskali 48. Kuyatoa maji tangini yaliposimama hadi kasi ya wastani kunakula 11. Kuyakimbiza zaidi ya katikati, pamoja na msuguano mkali wa mwanzoni ambako tabaka bado ni jembamba, kunakula kama 15. Jumla 74, sawa na milimita 7.5 za maji. Ndiyo hiyo uliyopima.

Ukitaka kuithibitisha kanuni yenyewe, chukua bomba la pili la mita 2, kipenyo kilekile, mdomo uleule, pitisha maji kwa kasi ileile, kisha toa kipimo cha kwanza kwenye cha pili. Hasara ya mlangoni (zile paskali 11 na 15) ni ileile kwa yote mawili, hivyo inajifuta, na tofauti itakuwa milimita 4.9. Ukitumia mafuta yenye mnato mara 100 ya maji kwa kasi hiyohiyo, sehemu ya kujipanga inabaki karibu sentimita 1 tu. Ila usiipeleke kanuni ya 0.06 kwenye namba za Reynolds zinazopita 2300 hivi, kwani huko utulivu wenyewe hauna uhakika.

Na milimita 4.9 ni ndogo kwa jicho. Laza mrija wa kupimia kwa mteremko wa 1 kwa 10, usome 49.